Anime ya vichekesho kutoka chumbani: tutengeneze sehemu moja ya sekunde 75

Tokeni ya umeme ina tarakimu 20. Chukua nyumba ya kupanga yenye mita moja na wapangaji watano, usiku, giza totoro. Mmoja anasoma namba kwenye simu, mwingine anabonyeza. Aliyewahi kuishi nyumba za namna hiyo hapa Dar anaijua ile hali, watu wazima wamekaa kimya utadhani wanasubiri matokeo ya mtihani. Hapo ndipo nilipopata sehemu ya kwanza ya mfululizo wangu wa anime, yaani katuni za mtindo wa Kijapani, na ndiyo nitakayotumia kukuonyesha kazi yote.

Nafanya kazi peke yangu, chumbani, kwa laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8 na tableti ndogo ya kuchorea isiyo na kioo. Programu zangu tatu ni Krita ya kuchora na kuhuisha (kuipa michoro mwendo), Audacity ya sauti, na Kdenlive ya kuunganisha. Zote ni za bure. Mwenye simu peke yake aanze na FlipaClip. Toleo lake la bure lina kikomo cha leya (tabaka za mchoro zinazolaliana), lakini kwa sehemu fupi utafika nalo.

Kabla ya hatua ya kwanza, toa kichwani wazo kwamba anime ni michoro mingi. Mchoraji wa Kijapani Osamu Tezuka alipoanza kurusha katuni yake ya Astro Boy kila wiki kwenye televisheni ya Japani, Januari 1963, bajeti ilikuwa ndogo na muda ulikuwa mfupi. Studio yake ikachora kidogo: mwili umetulia, mdomo tu unacheza, mchoro uliokwisha kutumika unawekwa akiba na kurudishwa wiki nyingine. Uhaba ule ukageuka mtindo. Ndiyo maana nasema mtindo huu ni wetu sisi tunaochora peke yetu usiku baada ya kazi: umejengwa kwa watu wasio na muda wala watu.

Hatua ya 1: Jambo dogo, uzito mkubwa

Anime ya vichekesho inachekesha pale kitu kidogo kinapopewa heshima ya vita. Upepo unavuma, jicho linajaza skrini, jasho linatiririka, kumbe watu wanagombania pasi. Tafuta kitu kimoja cha nyumbani kwenu kinacholeta ugomvi, kisha uweke watu watatu. Kwenye sehemu yangu yupo Bi Mwajuma, mpangaji wa siku nyingi, yeye ndiye anayebonyeza mita. Yupo Beka wa chumba cha mbele, ambaye pasi yake ndiyo iliyomaliza uniti. Na yupo Tatu, mjukuu wa Bi Mwajuma, miaka minane, ameshika simu yenye chaji asilimia 1.

Usiongeze mhusika wa nne. Kila mtu mpya ni siku mbili za kuchora.

Hatua ya 2: Ukurasa mmoja tu

Sekunde 75 ni ukurasa mmoja wa maandishi, tena wenye nafasi. Kiini cha sehemu yangu ni mistari hii:

TATU: Saba... nne... sifuri...
BI MWAJUMA: Polepole mjukuu wangu.
(Tarakimu ya 16. Simu inazima.)
BEKA: Mama wee!
TATU: Nne za mwisho nazikumbuka, bibi.
BI MWAJUMA: Haya, sema mama.
(Kimya.)
TATU: Zilikuwa namba.

Soma kwa sauti. Neno lolote unaloweza kulifuta na kicheko kikabaki, lifute. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na Beka akieleza kwa nini alipiga pasi usiku. Maelezo yote yaliondoka. Nikamchora akiwa na shati lililonyooka kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba, basi.

Hatua ya 3: Rekodi sauti kabla ya kuchora

Hii ndiyo hatua ninayoililia kila nikimwelekeza mtu. Wajapani aghalabu huchora kwanza, waigizaji wakaja baadaye kuingiza sauti huku wakitazama picha. Mimi nageuza. Utani wa Kiswahili unakaa mdomoni: jinsi neno linavyovutwa, mguno wa mzee, msonyo. Msonyo hauandikiki, na huwezi kukisia urefu wake. Ukichora kwanza utamlazimisha mwigizaji akimbizane na mdomo wa katuni, na utani utafia hapo.

Vyumba vyetu vina kuta tupu na bati juu, kwa hiyo sauti inagonga na kurudi. Fungua kabati la nguo, weka simu katikati ya nguo, mwigizaji asogeze mdomo umbali wa shibiri moja, pembeni kidogo, asiielekee simu moja kwa moja, ili herufi p na b zisipige upepo. Funika kichwa kwa blanketi kama inabidi. Zima feni na friji. Saa nzuri ni kati ya saa nane na saa kumi usiku, kabla ya jogoo na kabla ya adhana. Angalia mawimbi kwenye Audacity: kilele kibaki karibu na desibeli -6, kisiguse sifuri, maana sauti iliyopasuka haitibiki.

Waigizaji wasome pamoja mara ya kwanza ili wapate mdundo, kisha mmoja mmoja. Kila mstari mara tano. Na usisimamishe kurekodi wanapocheka au kukosea. Ile "mama wee" ya Beka niliyoitumia si ya kuigiza: kijana aligonga goti kwenye mlango wa kabati.

Sasa kata na upange mistari. Hapa unapima kimya, na kimya ndicho kinacholeta kicheko. Tunafanya kazi kwa fremu (picha moja moja za video) 24 kwa sekunde, kwa hiyo nusu sekunde ni fremu 12. Kati ya "haya, sema mama" na "zilikuwa namba" niliweka fremu 12: hakuna aliyecheka. Nikaweka 24: wakatabasamu. Kwenye 36, yaani sekunde moja na nusu, ndipo mtazamaji anapata muda wa kumwamini Tatu. Bila imani hiyo hakuna kitu cha kuangusha.

Hatua ya 4: Storibodi juu ya sauti

Chora watu wa vijiti tu, kila shoti (kipande kimoja kabla picha haijakatwa kwenda nyingine) mchoro mmoja, uiweke michoro hiyo juu ya sauti uliyopanga. Shoti 14 hadi 18 zinatosha. Tazama mara kumi. Kama haichekeshi ikiwa vijiti, rangi haitaiokoa. Rudi hatua ya 2.

Hatua ya 5: Karatasi ya wahusika

Kwa kila mhusika andaa kichwa cha mbele, cha robo tatu (kilichogeuka kidogo) na cha pembeni. Kisha nyuso tano: kawaida, hasira, mshangao, kujikaza, na uso mtupu. Uso mtupu, wenye macho mawili ya nukta na mdomo wa mstari, ndio utakaoutumia kuliko yote. Ongeza umbo dogo, lile la kichwa kikubwa na mwili wa kitoto, kwa nyakati ambazo mhusika amezidiwa.

Midomo ni mitatu tu: uliofungwa, nusu, wazi. Kiswahili kinatupendelea hapa, kwa sababu silabi zetu nyingi huishia na irabu. Tumia mdomo wazi kwa a, nusu kwa e, i, o na u, na uufunge kwenye m, b na p. Ukipata m na b sawasawa, jicho la mtazamaji linakusamehe mengine yote.

Alama za manga (vibonzo vya Kijapani), kama tone la jasho, mshipa wa hasira na mistari ya kasi, zichore kwenye leya zake na uzihifadhi kando. Chora pia za kwetu. Bi Mwajuma akikasirika, mimi simwekei mshipa: kanga yake inajifunga upya yenyewe kiunoni, kwa michoro minne, na kila mtu anaelewa kinachokuja.

Hatua ya 6: Kuhuisha

Sekunde 75 kwa fremu 24 ni fremu 1,800. Usiogope hiyo namba. Mchoro mmoja ukikaa fremu tatu, unabaki na michoro 8 kwa sekunde, yaani 600 kwa sehemu nzima. Toa shoti zilizotulia, toa midomo inayojirudia, toa vichwa vinavyorudi. Sehemu ya tokeni ilinichukua michoro 64 mipya.

Tazama shoti moja kwa karibu. Kidole cha Bi Mwajuma kipo juu ya kitufe, tarakimu ya 15. Kidole ni mchoro mmoja, hakitembei. Jicho lake ni mchoro mmoja. Kinachotembea ni tone la jasho, michoro minne, kila mmoja fremu sita. Nyuma yake mistari ya kasi, michoro miwili inayobadilishana kila fremu mbili. Jumla michoro minane kwa shoti ya sekunde mbili, na ndiyo shoti ambayo watu huisimulia. Kidole kikishuka, usichore safari yake: fremu mbili juu, fremu mbili chini, mita inalia.

Ingiza sauti ndani ya Krita ili uione kwenye mstari wa muda. Hifadhi kila shoti kwenye faili lake, kwa jina linaloeleweka: s01_shoti09_v3. Hifadhi toleo jipya kila baada ya nusu saa, na nakala kwenye flashi kila usiku. Umeme ulinikatikia nikiwa nimejaza shoti nne kwenye faili moja. Faili likagoma kufunguka, na wiki nzima ya kazi ikaenda nalo.

Hatua ya 7: Mandhari na rangi

Mandhari manne: ukumbi, mita, mlango wa Beka, uwanja wa nyuma. Chora pana kuliko skrini ili uweze kusogeza kamera. Kivuli kiwe toni moja tu, chenye ukingo mkali. Usiku unapatikana kwa leya ya buluu juu ya kila kitu, na mwanga wa simu ukipiga uso wa Tatu kutoka chini.

Hatua ya 8: Sauti za mazingira

Anime nyingi za Japani zinakujulisha kiangazi kwa mlio wa nyenje. Sisi tunazo sauti zetu: redio ya jirani nyuma ya ukuta, maji yanayojaa ndoo, bodaboda inayopita na kufifia. Rekodi mwenyewe. Usichukue wimbo wa mtu, video inaweza kuzimwa sauti au kuondolewa. Na pale kwenye zile fremu 36 za kimya, kata hata redio ya jirani. Kimya kitupu kwa sekunde moja na nusu.

Hatua ya 9: Kutoa video

Faili la MP4, mfumo wa kubana video wa H.264, fremu 24. Chora kwa pikseli 1920 kwa 1080 lakini weka nyuso katikati, ili uweze kukata pia toleo la wima la 1080 kwa 1920. Weka maandishi ya chini, wengi hutazama kwenye daladala bila sauti. Usipandishe sehemu ya kwanza kabla hujakamilisha ya tatu.

Kabla ya kupandisha, mwite mtu mmoja ambaye hakukuona ukichora, mpe simu, usimweleze kitu. Usitazame video, mtazame yeye, na uandike sekunde aliyocheka. Mama wa chumba cha pili alicheka mara ya kwanza kwenye sekunde ya 41, kanga ilipojifunga, mahali ambapo sikupanga kicheko, na kicheko chake kikafunika mstari uliofuata. Nikafungua faili usiku uleule, nikaongeza fremu 18 baada ya kanga, nikasukuma mbele sauti zote zilizofuata.