Kukokotoa entropia ya shimo jeusi, na kujua inahesabu nini

Entropia ni kipimo cha idadi ya mipangilio ya ndani ambayo kitu kinaweza kuwa nayo bila kubadilika kwa nje. Chukua shimo jeusi lisilozunguka, lisilo na chaji, lenye tungamo la Jua: kilo 1.99 × 10³⁰. Nusukipenyo cha upeo wake wa tukio (mpaka ambao hakuna kinachoweza kurudi nje kutoka ndani yake) ni 2GM/c², yaani mita 2,956; G ni konstanti ya mvutano, M ni tungamo na c ni kasi ya mwanga, na eneo la upeo huo ni mita za mraba 1.10 × 10⁸. Mraba wa urefu wa Planck, Għ/c³, ni mita za mraba 2.61 × 10⁻⁷⁰; ħ ni konstanti ya Planck h iliyogawanywa kwa 2π. Uzidishe kwa 4, kisha gawanya eneo kwa jibu hilo: utapata entropia, 1.05 × 10⁷⁷. Ukitaka jouli kwa kelvini, zidisha kwa konstanti ya Boltzmann, k, utapata 1.45 × 10⁵⁴. Anayeweka h mahali pa ħ atapata jibu dogo mara 6.28, kwa hiyo jihadhari na kosa hilo.

Hakiki kwa halijoto ya Hawking, yaani halijoto ya mnururisho unaotolewa na shimo jeusi, ħc³/8πGMk, ambayo hapa ni kelvini 6.17 × 10⁻⁸. Izidishe kwa entropia ya jouli kwa kelvini: lazima itoke nusu ya Mc², si Mc² nzima. Usihangaike kuitafuta nusu nyingine, kwa kuwa entropia hukua kwa mraba wa tungamo, na halijoto hushuka kadiri shimo linavyonenepa.

Hadi hapo una namba tu. Mwanafizikia Bekenstein alifungamanisha entropia na eneo mwaka 1972, na ile robo (kule kugawanya kwa 4) ikathibitika Hawking alipokokotoa mnururisho wa shimo jeusi mwaka 1974. Lakini ni mipangilio gani inayohesabiwa?

Mwaka 1996 Strominger na Vafa waliihesabu moja kwa moja kwa nadharia ya nyuzi, inayochukulia chembe kuwa nyuzi ndogo zinazotetemeka, na robo ikatoka yenyewe. Tahadhari: shimo lao lina chaji, limo katika vipimo 5 vya nafasi na wakati, na halijoto yake ni sifuri. Usilihamishie hesabu hiyo shimo la Jua.

Njia ya pili ni mfungamano wa kwantamu, yaani uhusiano wa hali za ndani na za nje ya upeo ambazo haziwezi kuelezwa kila moja peke yake. Gawa nafasi katika vijisehemu vya upana ε, futa taarifa za ndani, kisha kokotoa entropia ya kilichobaki: itafuata eneo, kama inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba ukipunguza ε inalipuka kwa 1/ε², na kila aina ya uga (kama uga wa sumakuumeme) unayoongeza huikuza zaidi, kwa hiyo robo haitoki. Susskind na Uglum walipendekeza mwaka 1994 kwamba mlipuko huo umezwe na G, ile konstanti ya mvutano, kwa kuwa uga hizo hizo hubadilisha thamani ya G inayopimwa. Ukifuata njia hii, basi, tumia G iliyosahihishwa tangu mstari wa kwanza, la sivyo utahesabu mchango uleule mara mbili.