Kutafuta kosa la taimingi kwenye injini ya rotari iliyofungwa upya: Mazda 13B ya RX-7 FC

Injini ya rotari ikifungwa upya halafu ikagoma kuwaka, au ikawaka huku inapiga mabomu kwenye ekzosi, mkono wa fundi hukimbilia sensa ya taimingi, yaani ile inayopanga wakati wa cheche. Analegeza nati, anazungusha huku, anarudisha kule, na baada ya nusu saa hajui tena alianzia wapi. Sensa iache palepale kwanza. Taimingi ndiyo inayosingiziwa kila kitu, ilhali mara nyingi tatizo ni petroli iliyofurika, waya zilizopishana au kompresheni.

Nimechagua FC, yaani RX-7 za kuanzia 1986 hadi 1991, kwa kuwa sensa yake inazungushwa kwa mkono. Injini ni 13B ya rota mbili (vipande vya pembetatu vinavyozunguka badala ya pistoni), kila moja cc 654, jumla 1308. FD (RX-7 iliyoifuata FC) na RX-8 nitazigusa mwishoni, maana huko hakuna cha kuzungusha.

Tuelewane kwanza kuhusu plagi. Kila rota ina plagi mbili. Ya chini imeandikwa L, nayo ndiyo inayotangulia kuwasha. Ya juu ni T, inafuata. Chumba cha kuchomea mafuta cha rotari ni kirefu na chembamba, moto wa plagi moja unachelewa kufika mwisho. Mazda 787B iliyoshinda Le Mans mwaka 1991 ilikuwa na plagi tatu kwa kila rota. Shafti huzunguka mara tatu rota inapozunguka mara moja, na kwa kuwa rota ina nyuso tatu, kila rota inawaka mara moja kwa kila mzunguko wa shafti. Nyuzi zote nitakazotaja ni za shafti.

Injini ikiwa imepata moto na iko sailensi, yaani inazunguka yenyewe bila kukanyagiwa mafuta, L inatakiwa iwake nyuzi 5 baada ya topu, yaani pale hewa ilipobanwa hadi mwisho, na T nyuzi 20 baada ya topu. Kati yao kuna nyuzi 15. T isiitangulie L hata siku moja. Ikitangulia, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na kinachovunjika ni sili za ncha za rota, zile zile ulizozinunua juzi kwa bei unayoijua mwenyewe.

Hatua ya 1: Kompresheni

Kama una kipimo cha rotari, vizuri. Kama huna, chukua cha kawaida cha injini ya pistoni, ukifunge kwenye tundu la plagi ya L, ubonyeze kile kivali cha kuachia hewa na ukishikilie wazi wakati msaidizi anapiga stata. Kipimo hakitakupa namba ya kuaminika, lakini sindano itaruka: moja, mbili, tatu. Mruko mmoja kwa kila uso wa rota. Unachotafuta ni miruko mitatu inayolingana. Mmoja ukiwa mfu au dhaifu kuliko wenzake, acha taimingi. Kuna sili imekwama au imevunjika.

Kwa kipimo sahihi, FC inatakiwa isipungue kilo 6 kwa sentimita mraba kwa mwendo wa stata wa mizunguko 250 kwa dakika, na tofauti ya nyuso za rota moja isizidi 1.5. Injini iliyofungwa jana inaweza kusoma chini kidogo mpaka sili zikae. Chini kidogo kwa usawa si kitu. Kupishana ndiko kunakotisha.

Hatua ya 2: Ondoa petroli iliyofurika

Umepiga stata mara kadhaa bila kuwaka? Basi karibu kwa uhakika imefurika. Toa fyuzi ya EGI (mfumo wa injekta za mafuta), fungua plagi za L, piga stata vipindi vifupi mpaka isitoke tena petroli. Tia oili safi kidogo kwenye kila tundu ili sili zipate kubana, halafu rudisha plagi kavu: BUR7EQ chini, BUR9EQ juu. Moshi mzito utakaofuata ni oili inayoungua, usihangaike nao.

Hatua ya 3: Waya

Hapa ndipo ninapokamata makosa mengi zaidi. Kwenye FC, koili ya L inapiga cheche kwa rota zote mbili kwa wakati mmoja, hivyo ukibadilishana L1 na L2 (namba ni ya rota) injini haitajua. T1 na T2 ni hadithi nyingine: kila moja ina zamu yake, na ukizipishanisha cheche inakuja nusu mzunguko nje ya zamu. Injini inawaka, inamisi, inalipua nyuma, na wewe unaanza kuilaumu sensa. Ukipishanisha L na T ni vibaya zaidi. Fuata kila waya kwa kidole kutoka koili mpaka plagi, usiamini rangi. Kisha angalia waya za ethi, hasa ya kutoka injini kwenda bodi. Injini ikishushwa na kupandishwa, ethi ndiyo husahaulika.

Hatua ya 4: Kuweka sensa

Sensa ya FC, ambayo wengi wanaiita CAS, inakaa mbele ya injini na inaendeshwa na gia ya shafti. Ndani ina duara la meno 24 na jingine la meno 2. Inazunguka kwa nusu ya mwendo wa shafti, kwa hiyo ukiigeuza mwili wake digrii 1, taimingi inahama nyuzi 2. Ndiyo maana mguso mdogo unatosha.

Ikiwa bado iko nje, ijaribu. Chomoa plagi ya umeme ya pampu ya mafuta, unganisha soketi ya sensa, washa swichi bila kupiga stata, zungusha gia yake kwa vidole. Unapaswa kusikia injekta zikigonga na kuona cheche kwenye plagi ulizozitoa na kuzigusisha kwenye bodi ya injini. Ukipata hivyo, sensa, kompyuta na koili viko hai, na umejiokolea nusu ya siku.

Sasa geuza shafti kwa spana kwa upande wake wa kawaida, ambao ukiitazama kutoka mbele ni mwelekeo wa saa, mpaka alama ya njano kwenye puli ikabiliane na pini iliyo kwenye kava la mbele. Linganisha alama ya gia ya sensa na alama ya mwili wake, kisha ishushe. Meno yamekatwa mshazari, hivyo gia itajigeuza kidogo inapoingia, usishangae. Ikae katikati ya tundu lake la marekebisho. Ikiwa ili kupata taimingi unalazimika kuisukuma hadi ukingoni, umeruka jino. Itoe, urudie. Na kama puli si ya kiwandani, ilinganishe na ya asili kabla ya kuziamini alama zake.

Hatua ya 5: Taa ya taimingi kwenye L

Pasha injini moto kamili. Sailensi iwe karibu na 750. Hapa injini mpya huwa na usumbufu: kwa kuwa sili hazijakaa, inataka kuzimika, fundi anapandisha mizunguko hadi 1200, kompyuta nayo inasogeza taimingi mbele, na usomaji wote unakuwa wa uongo. Ishushe kadiri itakavyostahimili. Baadhi ya miaka inahitaji pia soketi ya kurekebishia iunganishwe kwa kiwaya. Angalia mwongozo wa gari lako.

Bana klipu ya taa ya taimingi, inayomulika kila cheche inapopita, kwenye waya wa L1, mshale ukielekea plagi. Kama taa yako ina kidude cha kuongeza nyuzi, kiache sifuri. Taa itamulika mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo usiiamini mizunguko inayoonyesha. Alama ya njano ikae kwenye pini. Ikiwa imeshaipita pini, taimingi imechelewa. Ikiwa haijaifikia, imewahi, na huenda uliona stata ikirudishwa nyuma kwa nguvu ulipoiwasha. Legeza nati kwa spana namba 12, geuza kidogo sana, kaza, pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huisogeza.

Hatua ya 6: T

Hamisha klipu kwenye T1. Alama nyekundu ndiyo inayotakiwa kwenye pini sasa. FC haina marekebisho ya T peke yake, kompyuta ndiyo inayoipanga. Kwa hiyo L ikiwa sawa na T ikawa mbali, usirudi kwenye sensa. Tafuta kwenye koili ya T. Kama huioni kabisa, iko upande wa pili wa puli: T1 na T2 zimepishana.

Kwa wenye kompyuta ya kununua, funga taimingi iwe moja kwenye programu, halafu panda hadi 3000. Alama isiposimama mahali pamoja, ikawa inateleza kadiri mizunguko inavyopanda, waya mbili za sensa zimegeuzwa.

FD na RX-8

Huku sensa imefungwa palepale mbele, inasoma bamba la meno lililo kwenye shafti. Hakuna nati ya kulegeza. Taimingi ikikosea, angalia kama bamba limewekwa sawa, soketi imeingia hadi mwisho, na waya nne za koili ziko kwenye plagi zake. Kwa RX-8 kuna jambo la ziada: kompyuta hujifunza umbo la bamba lile, na baada ya injini kufunguliwa inabidi ifundishwe upya kwa utaratibu ulio kwenye mwongozo wake, la sivyo inaweza kuwaka taa ya injini na kumisi hata kama kila kitu kimefungwa sawasawa.