Kusoma saratani mchanganyiko za umio chini ya hadubini: hatua kwa hatua

Saratani nyingi za umio ni ama za seli bapa ama za tezi. Mara chache uvimbe mmoja hubeba zote mbili, au moja kati yake pamoja na seli za nyuroendokrini (seli zinazotengeneza homoni). Makosa hapa ni mawili: kuikosa sehemu ya pili kwa kuwa haikukatwa, na kuiona mahali isipokuwepo. Kila hatua ifuatayo inalenga mojawapo.

1. Fomalini na kukata

Fungua umio kwa urefu, upande wa pili wa uvimbe, uubane kwa pini kwenye ubao wa koki. Tumia fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo usiopungua mara 10 ya tishu. Bayopsi (kipande kidogo kilichotolewa kwa uchunguzi) ikae angalau saa 6, umio mzima saa 24 hadi 48. Ukikata kabla fomalini haijapenya, katikati ya uvimbe kingamwili za kutambua aina ya seli zitashika hafifu, nawe utadhani sehemu fulani haipo.

Paka wino ukingo wa nje, kisha kata vipande vya milimita 3 hadi 5. Uvimbe mdogo uingie wote kwenye bloku (vipande vya nta vyenye tishu). Mkubwa upate angalau bloku moja kwa kila sentimita, na zaidi ya hapo kila eneo lenye rangi au ugumu tofauti: penye kung'aa kwa ute, penye weupe mkavu, penye ulaini wa kijivu. Wengi huchukua bloku za kingoni na kuacha katikati, na sehemu ya pili hubaki ndani ya ndoo.

2. Hematoksilini na eosini

Kwenye slaidi iliyopakwa rangi hizi mbili za kawaida, anza na lenzi ndogo. Tafuta keratini na madaraja kati ya seli (seli bapa), tezi zenye uwazi au ute (adenokasinoma), na seli zenye saitoplazimu finyu, kromatini ya chembe laini na viini vinavyobanana (nyuroendokrini).

Kisha angalia zinavyokutana. Zikiingiliana hatua kwa hatua, fikiria adenoskwamosi. Seli bapa, za ute na za kati zikichangamana ndani ya kisiwa kimoja, fikiria mukoepidamoidi. Uvimbe mbili zilizoanza mbali na kugusana mpakani tu ni mgongano, si mchanganyiko.

3. Mitego ya tezi

Hapa ndipo panapohitaji subira. Kasinoma ya seli bapa hupenda kutambaa ndani ya mirija ya tezi za chini ya utando wa ute. Ukiona duara laini, lenye safu ya seli tulivu kwa ndani na vikundi vya tezi za kawaida jirani, huo ni mrija wa mgonjwa mwenyewe, si adenokasinoma. Mtego mwingine ni seli bapa zilizoachana katikati ya kisiwa na kuacha tundu linalofanana na tezi. Ndani yake hamna ute. Thibitisha kwa PAS (rangi inayoonyesha ute) baada ya diastasi (kimeng'enya kinachoondoa glaikojeni), kwani bila diastasi glaikojeni (sukari iliyohifadhiwa) ya seli bapa nayo huwaka na kukudanganya.

4. Kingamwili

Majina yafuatayo ni ya protini zinazotafutwa kwa kingamwili. Kwa seli bapa, p40 na CK5/6; p40 ni bora kuliko p63, ambayo huweza kushika baadhi ya kasinoma za seli ndogo. CK7 peke yake haithibitishi tezi. Kwa nyuroendokrini, sinaptofizini, kromogranini A na INSM1. CD56 ikisimama peke yake, usiiamini. Pima Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika) kwa kila sehemu kivyake.

5. Asilimia

Uainishaji wa WHO wa 2019 unataka kila upande ufikie asilimia 30 ndipo uandike MiNEN (uvimbe mchanganyiko wa nyuroendokrini na usio wa nyuroendokrini). Kadiria kwa slaidi zote za uvimbe. Seli chache za nyuroendokrini zilizotawanyika ndani ya adenokasinoma hazihesabiki. Lazima umbile na rangi vikubaliane. Lakini kasinoma ya seli ndogo, hata chini ya kiwango hicho, itajwe waziwazi, maana hubadilisha matibabu.

Kwenye bayopsi usitoe asilimia. Baada ya kemotherapi au mionzi, rudi kwenye bayopsi ya awali: matibabu huua sehemu moja na kuiacha nyingine ikionekana kubwa kuliko ilivyokuwa.

6. Ripoti

Andika kila sehemu, asilimia yake, daraja lake, na ipi imefika kwenye nodi za limfu. Ile ndogo ndani ya umio inaweza kuwa ndiyo iliyosambaa. Adenoskwamosi hupangwa hatua kwa jedwali la seli bapa katika toleo la 8 la AJCC (kamati ya Marekani inayoweka kanuni za kupanga hatua za saratani). Taja pia namba ya bloku yenye kila sehemu, ili kipimo cha HER2 (protini inayolengwa na baadhi ya dawa) kikiombwa, maabara ikate bloku yenye tezi.