Umetengeneza kifaa tiba hapa Uganda? Vibali vinatafutwa hivi

Haya, kifaa kinawaka, namba zinasoma, mmepiga picha na waziri, sasa mnataka kiingie wodini. Kabla hujapanda teksi ya kwenda NDA (mamlaka ya taifa ya dawa) kaa chini kwanza uandike sentensi moja: kifaa ni cha kazi gani, kinawekewa nani, wapi, na nani anakishika. Watu wanaidharau sana hiyo sentensi, kumbe ndo inayoamua daraja la kifaa (yaani kina hatari kiasi gani), vipimo utakavyolipia, na miaka utakayosubiri.

Chukua kile kidude cha kubana kidole kinachosoma oksijeni. Ukiandika ni cha kumpima mgonjwa wa nje mara moja, kwa mpangilio wa kimataifa wa A mpaka D unaweza kuangukia B. Andika ni cha kufuatilia mtoto mahututi ICU, plastiki ileile na sakiti ileile, unapanda C, uko jirani na mashine ya kupumulia. (A ni vitu kama kiti cha magurudumu, D ni vali za moyo. Ulaya wanaita I, IIa, IIb na III, Marekani wana madaraja matatu tu.) Kwa hiyo jamaa wenu wa matangazo asitie chumvi kwenye brosha, akiandika "kinaokoa maisha ICU" mkaguzi atasoma hivyohivyo na atadai ushahidi wa ICU.

Sasa nani anashika nini. NDA ndo mlango mkuu, lakini sheria yake ni ya 1993 na iliandikwa watu wakiwaza dawa zaidi, mashine mpya ya umeme haikai vizuri sana humo kama glavu na kondomu ambazo wamezoea kuzipima. Ushauri wangu, waandikie barua mapema ukiwa bado unachora, eleza kifaa na daraja unalodhani, na jibu lije kwa maandishi, maana neno la mdomo la afisa hutaweza kulionyesha mbele ya afisa mwingine. UNBS, shirika la viwango kule Bweyogerere, wana mambo ya viwango na alama ya ubora ya Q. Kama kinatoa mionzi kuna Atomic Energy Council, kama kina Bluetooth au waifai UCC (tume ya mawasiliano) wanataka kukikagua, na kama kinahifadhi majina ya wagonjwa sheria ya data ya 2019 inakuhusu. Ukitaka kujaribu kwa binadamu ni kamati ya maadili kwanza, kisha UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), na NDA wenyewe kwa majaribio ya tiba. Usimguse mgonjwa hata mmoja kabla ya karatasi hizo, hata kama daktari ni rafiki yako.

Kazi yenyewe iko kwenye faili. ISO 13485, kiwango cha kimataifa cha watengeneza vifaa tiba, haipimi kifaa, inapima kampuni yako inavyofanya kazi: nani alibadilisha mchoro, lini, kwa nini, vipuri vilitoka kwa nani. Anza kuandika siku hiyohiyo unayoanza kuchora, kwa sababu kumbukumbu za kutunga baadaye mkaguzi anazinusa, tarehe zote zinakuwa za wiki moja. Kama kuna softwea ongeza IEC 62304, kiwango cha softwea ya vifaa tiba. Kiwango cha kutafuta na kuzuia hatari ni ISO 14971, na hapa ndo sisi wa huku tungefaa kuwashinda wazungu, maana hatari tunazijua: umeme umekatika ukarudi kwa hasira, jenereta ya kituo cha afya inatoa volti za kubahatisha, vumbi la murram limejaa kwenye feni, kifaa kimefungwa nyuma ya boda mpaka Kotido, nesi amekifuta na Jik, na banange chaja! Chaja ya asili ikipotea mtu ataleta ya simu kutoka soko la Kikuubo na itaingia vizuri kabisa. Andika yote, kila moja na ulichofanya kuizuia.

Hilo la chaja linagusa IEC 60601-1, kiwango cha usalama wa umeme. Mkondo unaovuja kwenda kwa mgonjwa usizidi mikroampia 100 hali ya kawaida, 500 kukiwa na hitilafu moja, na kama sehemu inagusa moyo moja kwa moja ni 10 na 50. Usijenge pawa saplai mwenyewe, nunua iliyokwisha kupimwa kwa matumizi ya hospitali, ni ghali lakini inakuondolea kichwa kuuma. Ila muuzaji akikutumia cheti cha CE (alama kwamba kifaa kinakidhi sheria za Ulaya) soma vizuri, kuna vingine vimekaa kama kazi za Nasser Road, mtaa wa Kampala unaosifika kwa karatasi za kughushi. Kifaa cha daraja la juu, alama ya CE inafuatwa na namba ya tarakimu nne ya shirika lililokagua, na orodha ya mashirika hayo Ulaya wameiweka wazi, itafute. Maabara nayo iulize kama ina ithibati ya ISO 17025, ya maabara za vipimo, kwa kiwango chako hichohicho, siyo kwa kupima saruji.

Halafu ushahidi kwamba kinasoma ukweli. Kwa kifaa cha oksijeni ISO 80601-2-61 inataka kosa kwa wastani lisizidi pointi 4 oksijeni ya damu ikiwa kati ya asilimia 70 na 100, na inapimwa kwa kulinganisha na damu ya mshipa wa ateri ya watu waliojitolea. Mwongozo wa FDA, wasimamizi wa dawa na vifaa tiba Marekani, wa 2013 uliridhika na watu 10, wenye ngozi nyeusi sana wawili au asilimia 15, basi. Mwaka 2020 utafiti kutoka Michigan ukaonyesha oksijeni iliyoshuka ilikosewa kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko wazungu, na Januari 2025 FDA wakatoa rasimu inayotaka watu 150 au zaidi. Kwa hiyo ukinunua sensa ya nje muombe muuzaji ripoti yenyewe na uangalie ilipimwa kwenye vidole vya nani. Asipotoa, tafuta mwingine.

Bajeti weka vipimo na majaribio juu kuliko kutengeneza. Brian Gitta, wa kifaa cha Matibabu kinachopima malaria bila kutoa damu, alishinda tuzo ya uhandisi ya Africa Prize 2018, Mganda wa kwanza, pauni 25,000, ni heshima kubwa, lakini kiasi kama hicho maabara na majaribio ya wagonjwa wanakimeza haraka.

Na ukishapata kibali usibadilishe sensa kimyakimya kwa sababu ya kwanza imeisha sokoni. Badiliko linarudi kwenye faili, linapimwa upya, mengine inabidi uwaambie waliokupa kibali kabla. Kila kifaa kiwe na namba yake na uandike kimeenda hospitali gani, ili siku betri za toleo moja zikianza kuvimba ujue pa kupiga simu.