Kabla ya Kuchomoa Diski Iliyokufa

Mwenye kifaa cha kuhifadhi mafaili katika mtandao wa nyumbani, chenye diski 4 zilizopangwa kwa RAID 5 (mpangilio unaogawa data na taarifa za kuirudishia kwenye diski zote), anaweza kufiwa na diski 1 bila kupoteza faili hata moja. Hasara kubwa mara nyingi huletwa na mkono wake mwenyewe, pale anapochomoa diski nzima na kuiacha mbovu ndani. Kwa hiyo, siku ya kufunga kifaa, andika tarakimu 4 za mwisho za namba ya utambulisho ya kila diski kwenye kipande cha karatasi ya gundi, ukibandike mbele ya trei yake, kwa sababu majina ambayo mfumo huzipa diski, kama sda na sdb, yanaweza kubadilishana kifaa kinapowashwa upya, ilhali namba hiyo haibadiliki.

Ripoti ya SMART, yaani ile ambayo diski yenyewe hutoa kuhusu afya yake, isomwe angalau mara moja kwa mwezi. Kipengele cha 5, kinachohesabu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyotunza data) zilizohamishwa kwa sababu ya ubovu, au cha 197, kinachohesabu zinazosubiri uamuzi, kikianza kupanda, nunua mapema diski ya akiba isiyo ndogo hata kidogo kuliko inayoondoka. (Zile za SMR, ambazo mistari yake ya data hulaliana kama vigae, mimi nisingezichukua hata kwa bei ya kutupa, maana kuzijaza upya huweza kuchukua siku kadhaa.)

Kabla ya kuiingiza diski mpya, nakili kwenye diski ya nje mafaili ambayo huwezi kuyapata tena popote, kwani kazi ya kujenga upya data kwenye diski hiyo husoma diski 3 zilizobaki mwanzo hadi mwisho, na huenda hizo zilinunuliwa siku moja na iliyokufa.