Kuandikisha wapigakura kwa fedha za wafadhili: mwongozo kutoka Clarkston, Georgia

Nimeandika mwongozo huu baada ya kuwasaidia kina mama wa kanisa moja la Clarkston, mji mdogo ulio jirani na Atlanta, ambako wakimbizi kutoka Kongo wanaishi pamoja na Wamarekani weusi ambao wazazi wao waliipigania kura hiyohiyo. Kuandikisha watu hakukutushinda. Kilichotupotezea karibu miezi mitatu ni barua ya kuomba fedha, na ndiyo maana hatua ya pili ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Mahali

Meza, kalamu na fomu hupatikana bila shida. Mimi huanzia saluni badala ya mlango wa kanisa, kwa sababu anayesukwa nywele hukaa saa nyingi na ana nafasi ya kuuliza maswali. Shule ya uraia iliyofunguliwa mwaka 1957 katika kisiwa cha Johns, South Carolina, ili kuwawezesha watu weusi kujiandikisha, ilifundishwa na Bernice Robinson, msusi ambaye hakuwa na mwajiri mzungu wa kumfukuza kazi.

Hatua ya 2: Fedha

Kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya ombi, fahamu mfadhili wako ni wa aina gani. Mwaka 1962 mradi ulioitwa Voter Education Project ulianza hapa Atlanta kwa fedha za wakfu kama Taconic na Field, ukaandikisha watu weusi kote Kusini. Mwaka 1969 Bunge la Marekani lilibadili sheria ya kodi, na tangu hapo wakfu binafsi, yaani ule unaotegemea mali ya familia au kampuni moja, hauwezi kutoa ruzuku iliyotengwa kwa ajili ya kuandikisha wapigakura isipokuwa shirika linaloipokea liwe halina upande wa chama, lifanye kazi hiyo katika majimbo 5 au zaidi, lisijifunge na msimu mmoja wa uchaguzi, na litimize masharti mengine kuhusu vyanzo na matumizi ya mapato yake. Wakfu ukikosea, hutozwa kodi ya asilimia 20 ya fedha ilizotoa, kwa hiyo usiwalaumu maofisa wake kwa woga wao.

Sisi tuliomba fedha za “kuandikisha wapigakura 300”, tukakataliwa. Tukaifuta sentensi hiyo, lakini katika bajeti tukasahau mstari uliotaja fomu na meza za uandikishaji, tukakataliwa tena. Dawa yake ni kuomba ruzuku ya uendeshaji wa jumla, ambayo shirika lenyewe huamua namna ya kuitumia. Hata hivyo, usidhani kwamba unaweza kukubaliana kwa simu kile ambacho hukukiandika, kwa maana makubaliano ya mdomo nayo huhesabiwa kuwa ni kutenga fedha. Njia nyingine ni kuwaendea wakfu wa jamii, unaokusanya michango ya watu wengi, kwa kuwa haufungwi na masharti hayo ya mwaka 1969 mradi kazi isiegemee chama wala mgombea. Mimi binafsi hupendelea harambee ya waumini: ni fedha kidogo, lakini haiji na fomu ya kurasa 14. Kutokuegemea upande, hata hivyo, kunalibana kanisa hata linapotumia fedha za waumini wake.

Hatua ya 3: Swali la uraia

Uliza kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla kalamu haijashikwa: je, umekwisha kula kiapo cha uraia? Mwenye grinikadi si raia, na akitia sahihi fomu inayosema kwamba ni raia anaweza kushtakiwa na hata kufukuzwa nchini. Asiye na uhakika aende nyumbani bila fomu.

Hatua ya 4: Jina

Nakili jina kutoka kwenye leseni ya udereva, herufi kwa herufi, hata kama karani aliyeiandika alikosea. Wakongomani wengi wana majina matatu ambayo kila ofisi huyapanga kivyake. Mwaka 2018 maombi ya kujiandikisha yapatayo 53,000 yalikuwa yameshikiliwa Georgia, mengi yao kwa sababu taarifa hazikulingana na kumbukumbu za serikali, na karibu asilimia 70 yalikuwa ya watu weusi. Sheria ililegezwa mwaka 2019, lakini mimi bado huhakiki kila jina mara mbili.

Hatua ya 5: Chai

Chai iwe ya kila aliyepo, ajiandikishe asijiandikishe. Kumpa mtu malipo ili ajiandikishe au apige kura katika uchaguzi wa kitaifa ni kosa la jinai, ambalo adhabu yake inafika dola 10,000 au kifungo cha miaka 5.

Hatua ya 6: Tarehe na msaidizi

Fomu zifike si baada ya Jumatatu ya tano kabla ya uchaguzi. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 7 Oktoba. Sheria ya taifa ya lugha za uchaguzi haihusu Kiswahili, lakini kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura kinamruhusu asiyejua kusoma kuingia na msaidizi anayemtaka, awe mwanawe au jirani, ila si mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Wakubaliane mapema, maana kina mama wawili walifika kituoni bila msaidizi, wakalazimika kumngoja kijana atoke kazini.