Kunasa milipuko ya Proxima Centauri ukiwa Tongoni

Proxima Centauri, jirani wa karibu kuliko wote baada ya Jua (miaka nuru 4.24), ni kibete chekundu, yaani nyota ndogo isiyo moto sana. Gesi yake huzunguka kuanzia kitovuni hadi usoni, na mzunguko huo huzaa uga mkali wa sumaku. Uga ukijisokota hadi ukakatika, nyota hutoa mlipuko wa mwanga. Machi 2016 iling'aa takriban mara 68 ya kawaida yake.

Tumia darubini ya sentimita 20 na kichujio cha bluu. Kichujio ndicho muhimu kuliko vyote: uso wa nyota una kelvini 3,000 hivi, mlipuko hufika 9,000 au zaidi, na kitu kikizidi moto hutoa bluu zaidi. Ukitumia chekundu, mlipuko mdogo humezwa na mwanga wa nyota yenyewe.

Nyota hii iko upande wa kusini. Tongoni, kijiji cha pwani kusini mwa Tanga, inafaa kuliko Bagamoyo, kwa kuwa taa za Tanga hubaki kaskazini, mgongoni mwako. Bagamoyo mwanga wa Dar es Salaam uko kusini, huko huko unakotazama. Katikati ya Juni nyota hufika juu kabisa karibu saa 3 usiku, nyuzi 32 tu. Itafute nyuzi 2 chini ya Alpha Centauri, kulia kidogo. Ikishuka chini ya nyuzi 20, funga kazi.

Ncha ya kusini ya anga, ambayo nyota huonekana kuizunguka, hapa iko nyuzi 5 tu juu ya upeo. Stendi ya ikweta lazima mhimili wake uelekezwe kwenye ncha hiyo, na nyingi hazilali kiasi hicho. Afadhali stendi ya mota ya juu-chini na kulia-kushoto. Piga picha za sekunde 20 mfululizo: mlipuko hupanda kwa dakika moja au mbili, kisha hufifia taratibu.

Pima mwangaza wa nyota ukilinganisha na nyota mbili nyingine ndani ya picha ile ile, na ya tatu iwe ya kuhakiki. Mwangaza ukiruka katika picha moja tu, kwa kawaida ni setilaiti au chembe ya mionzi. Mstari wa mwangaza kwenye grafu unaopinda polepole kwa saa nzima ni hewa, ambayo hula bluu zaidi nyota inaposhuka.

Kusi huleta umande wenye chumvi. Funga mkanda wa joto mdomoni mwa darubini, na usifute kioo kwa kitambaa kabla ya kupuliza chumvi.

Tuma vipimo AAVSO, shirika la waangalizi wa nyota zinazobadilika mwangaza, kwa jina V645 Cen, ambalo ni jina la Proxima katika orodha ya nyota hizo. Punguza muda wa saa tatu kwenye saa za Afrika Mashariki ili kupata saa za dunia (UT). Usiku usio na mlipuko nao utume: setilaiti ya Kanada iitwayo MOST ilihesabu milipuko 66 katika siku 37.6, na hesabu ya namna hiyo haiwezekani bila saa za utulivu.